Masika, Vyoo, na Sisi Watumishi



Kila aliyekaa pwani siku nyingi ajua kwamba kaskazi ikilegea, masika haiko mbali. Mwezi wa Machi ndio mlango wake, nayo hudumu hata Mei. Mvua hii ni neema, kwani ndiyo itupayo mpunga na mahindi, na ndiyo ijazayo visima. Walakini kila neema ina haki yake, na asiyeitimiza haki hiyo, neema humgeukia ikawa balaa. Kwa hiyo tumeonelea yafaa tuseme na wanachama wetu wa Dar es Salaam habari za afya kabla mawingu hayajakusanyika, wala hatutasema kwa mafumbo.

Kwanza tukumbushane yaliyopita. Kipindupindu si mgeni katika nchi zetu. Mwaka 1869 kiliingia Unguja, na hata kilipokwisha mwaka 1870 kilikuwa kimeua maelfu ya watu. Daktari James Christie, aliyekuwa akiganga wagonjwa mjini humo wakati ule, aliandika kitabu kizima juu ya maradhi hayo, kikatoka mwaka 1876, naye akaeleza jinsi yalivyofuata njia za misafara na za vyombo vya baharini. Katika zama zetu wenyewe, mwaka 1997, Tanzania ilipata wagonjwa zaidi ya 40,000, na waliokufa walizidi 2,000. Tena mwezi wa Agosti, mwaka 2015, maradhi hayo yalianza katika Dar es Salaam, yakaenea mikoa mingi ya bara, yakavuka bahari hata Unguja.

Sasa tuulize: kipindupindu hupitia wapi? Jambo hili si siri tena. Mdudu wake hutoka katika choo cha mgonjwa akaingia katika kinywa cha mzima, kwa maji, kwa chakula, au kwa mikono. Hana njia nyingine iliyo kubwa kuliko hiyo. Basi aliyeziba njia kati ya choo na kinywa amekwisha kujikinga kwa sehemu kubwa, na aliyeifungua amewafungulia majirani zake mlango wa kaburi.

Hapa ndipo tunapofika penye neno lililotufanya tushike kalamu. Wote tunaokaa katika mitaa ya mabondeni twajua desturi moja mbaya ya masika. Mvua kubwa inyeshapo usiku, mwenye nyumba hutoka kimya kimya na jembe, akatoboa shimo la choo chake, ili maji ya mvua yachukue uchafu na kuupeleka mbele. Watu wameipa jina, nao huita kutapisha choo. Asubuhi shimo la mwenye nyumba ni tupu, na uchafu wake uko katika njia wapitamo watoto waendao shule, na katika kisima cha jirani wa chini.

Masika iliyopita tulimwona mtu akifanya hivyo, nasi tulimjua. Ni mtumishi mwenzetu, na mchana wa siku ile ile alikuwa amebandika kwa mkono wake tangazo la usafi katika ubao wa afisi. Hatutamtaja jina. Wala hatuna haki ya kumtaja, kwa maana mmoja wetu tunaoandika maneno haya aliwahi kufanya vivyo hivyo zamani, akalala usingizi, na siku ya pili akaenda kazini amevaa shati jeupe. Wazee walisema, ada ya mja hunena, muungwana ni kitendo. Sisi tumenena sana. Tumepiga chapa matangazo, tumeandika barua, tumesimama mbele ya wananchi kuwafundisha kunawa mikono. Lakini mwananchi hasomi karatasi zetu tu, husoma na nyua zetu.

Tulipomwuliza mwenzetu yule, hakukana. Alijibu kwamba shimo lilikuwa limejaa, kwamba gari la kunyonya maji machafu haliwezi kupita katika kichochoro cha kwake, na kwamba malipo ya safari moja ni mzigo mkubwa kwa mtu mwenye watoto na wageni wa kutoka nyumbani. Maneno hayo ni ya kweli, na si haki kuyadharau. Mtu hatoki usiku katika mvua na jembe kwa kupenda. Ila dhiki yake haimwondolei jirani kipindupindu. Kwa hiyo, badala ya kulaumu na kunyamaza, twatoa shauri.

Shauri letu ni hili. Watu wa nyumba zilizo jirani, tuseme kumi, waanze kuchangiana kidogo kidogo kila mwezi tangu kiangazi. Shimo lililojaa zaidi litolewe kwanza, kisha la pili, hata yote yawe yametolewa kabla ya Machi. Mahali ambapo gari halifiki, siku hizi wako watu wafanyao kazi hiyo kwa pampu ndogo za mkono zipitazo vichochoroni. Tena wanaolipa wana haki ya kuuliza uchafu unapelekwa wapi. Upelekwe katika mabwawa yaliyowekwa kwa kazi hiyo, kama yale ya Vingunguti, wala usimwagwe mtoni. Twawaomba wanachama wetu wawe wa kwanza kuliita baraza hilo katika mitaa yao. Sisi tuliozoea kushika daftari na kuweka hesabu, kazi hii haitushindi.

Pamoja na hayo, kila nyumba na ishike mambo machache. Maji ya kunywa yachemshwe hata yatokote kabisa, au yatiwe dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa, kisha yawekwe katika chombo chenye kifuniko. Mikono ioshwe kwa sabuni baada ya choo na kabla ya kula. Chakula kiliwe kingali moto. Mtu akishikwa na tumbo la kuhara maji maji, asingojewe mpaka kesho. Apewe mara moja maji ya chumvi na sukari, yaani lita moja ya maji safi, sukari vijiko vya chai sita, na chumvi nusu ya kijiko cha chai, anywe kidogo kidogo njia yote apelekwapo hospitali. Kipindupindu huua kwa kumkausha mtu maji mwilini, tena chaweza kumwua kwa saa chache. Arudishiwaye maji mapema, karibu daima hupona.

Baada ya maji, mbu. Mbu wa malaria huuma usiku, na dawa yake ni chandarua kilichotiwa dawa, kilalwe kila usiku na si usiku wa joto dogo tu. Lakini yuko mbu mwingine, mwenye madoa meupe, aumaye mchana. Huyo ndiye aletaye homa ya kidingapopo, ambayo Daktari Christie naye aliiandikia habari zake huko Unguja. Homa hiyo ilizuka Dar es Salaam mwaka 2014, na tena mwaka 2019. Mbu huyu hapendi madimbwi makubwa. Huzaa katika kopo, kifuu, gurudumu kuukuu na mtungi wa maua, hata ule ulio juu ya dirisha la afisi. Kwa kuwa yai huweza kuwa mbu kwa muda wa juma moja hivi, vyombo vimwagwe na kusuguliwa kila juma. Kumwaga bila kusugua hakutoshi, maana mayai hushikamana na ukingo wa chombo, na huweza kukaa makavu miezi mingi yakingoja maji.

Basi mtu akipata homa, asijinunulie dawa ya malaria kwa kudhani tu. Aende akapimwe damu. Na madamu haijajulikana kwamba si kidingapopo, asimeze aspirini, kwani huweza kuzidisha kutoka damu.

Mwisho, mafuriko. Hatujasahau Desemba, mwaka 2011, mto Msimbazi ulipofurika, watu wapatao 40 wakafa, na wengi waliopoteza nyumba wakahamishiwa Mabwepande. Maji yaendayo kasi, hata yakifika magotini tu, humwangusha mtu mzima. Asivuke mtu kwa haraka ya kuwahi kazini, kwa kuwa afadhali jina lako liandikwe kwa wino mwekundu katika daftari la mahudhurio kuliko kuandikwa katika daftari la marehemu. Watoto wasiachwe kucheza mitaroni. Waya wa umeme ulioanguka usiguswe, wala maji yaliyouzunguka yasikanyagwe.

Ndugu zetu, Bwana Afya hawezi kusimama katika kila ua usiku wa mvua. Usiku huo kila mtu ni bwana afya wa nyumba yake, hana shahidi ila Mungu na jirani wa chini. Mwandishi yule wa maneno haya aliyesema habari zake hapo juu amekwisha kutoa mchango wake wa kwanza, na shimo lake litatolewa mwezi huu. Twatumaini masika hii mwenzetu mwenye jembe naye atalala ndani, na tangazo lake la ubaoni atalibandika kwa moyo mweupe.

Mungu atujalie masika ya heri.

Mhariri