Kupunga Pepo na Maumivu ya Mgonjwa

Imekuwa desturi ya wasomi wengi kutia katika kapu moja kila tendo la kumwondolea mtu pepo, kisha kulipa kapu zima jina la ujinga. Wengine, wacha Mungu, huligawa kapu hilo: ya padre na ya shehe huyaita dini, ya mganga huyaita ushirikina. Makundi haya hubishana juu ya nani aliyemo ndani ya mgonjwa. Swali lililo zito zaidi, yaani maumivu yale ni ya nani, halimo katika ubishi wao.

Mganga wa Unguja hapungi pepo ili amfukuze tu. Humpandisha kichwani, akamwuliza jina lake, kwao na haja yake. Ruhani hutaka udi na marashi. Kibuki, mgeni wa kutoka Bukini, hutaka brandi. Mara nyingi mambo huishia katika mapatano, na mgonjwa huitwa kiti. Jina hilo lastahili kupimwa, kwa kuwa mwenye kualika mgeni hakivunji kiti cha kumkalisha. Waganga walafi wapo, na nyumba zilizofilisika kwa ngoma zipo pia. Lakini mwili wa kiti hulishwa, huogeshwa na kufukizwa.

Amdharauye mganga kwa kusema na pepo na aisome Injili ya Marko, sura ya 5. Yesu aliwauliza pepo jina lao, akasikiliza ombi lao, akawaruhusu kuwaingia nguruwe wapatao 2,000. Hasara ilikuwa ya wenye nguruwe. Mgonjwa alikutwa ameketi, amevaa nguo, ana akili zake.

Kisomo cha Kiislamu nacho, kwa asili yake, ni cha upole: Fatiha, Ayatul Kursiyyu, Falaq na Nas husomwa juu ya mgonjwa, au juu ya maji atakayokunywa. Hatari huingia kwa mlango mwingine. Ibn Taymiyya, mwanachuoni mkubwa aliyefariki mwaka 1328, alishikilia kwamba kipigo humwangukia jini, wala mgonjwa hakihisi. Hoja hii ikikubaliwa, fimbo haina mpaka tena. Mgonjwa akilia, jini ndiye aliaye. Akiomba aachwe, jini ndiye aombaye.

Wala isidhaniwe kwamba mlango huo umo katika dini moja tu. Huko Klingenberg, Ujerumani, mapadre wawili walimsomea mwanafunzi wa chuo kikuu ibada ya Kirumi ya mwaka 1614 mara 67, tangu 1975 hata 1976. Msichana huyo aliwahi kutibiwa kifafa. Alikataa chakula, na kukataa kwake kukahesabiwa kuwa kazi ya shetani. Alikufa ana umri wa miaka 23, na uzito wake wapata kilo 30. Mwaka 1978 mahakama iliwatia hatiani wazazi wake na mapadre hao kwa kusababisha kifo kwa uzembe.

Kanisa lilitoa ibada mpya mwaka 1999, yenye kuonya kwamba ugonjwa usidhaniwe kuwa pepo. Onyo hilo ni jema. Lakini watetezi wake hupenda zaidi kuitaja ruhusa ya askofu, kana kwamba ndiyo kinga ya mgonjwa. Klingenberg ruhusa ya askofu ilikuwapo. Daktari wa kumtibu yule msichana, katika miezi ile ya mwisho, hakuwapo.