Mashine za leza kwa bei ya jumla? Ngojeni kwanza!

Huku Stockholm saa tisa alasiri giza limeshaingia, lakini tunadunda. Nimepata ujumbe mwingi kutoka Dar, wote wa jambo moja: tuchange hela, tuagize mashine kumi za leza kutoka China kwa bei ya jumla. Tano za kwetu, tuchonge mihuri, ngao na vibao vya majina. Tano tuuze Kariakoo. Nasikia Mama mdogo yuko tayari kutoa hela yake yote ya upatu. Kwa kuwa imefika hapo, nasema mbele ya wote: kumi sikubali. Moja, sawa.

Jamani, sipingi leza. Mji huu wenyewe unaishi nayo. Kule Täby, kaskazini mwa jiji, kampuni ya Mycronic inatengeneza mitambo inayotumia leza kuchora vioo vya ramani vinavyotumika kutengenezea skrini za simu na televisheni. Mwaka 2018 Donna Strickland na Gérard Mourou walipewa Nobel ya Fizikia hapa kwa njia yao ya kupata miale mifupi yenye nguvu kubwa, ambayo leo inasaidia kupasua macho ya wasioona vizuri. Mwanga ni mali. Ninachopinga ni kununua mali kwa pupa.

Kwanza, mrija. Mashine za bei nafuu mnazonionyesha hutumia mrija wa kioo wenye gesi ya kaboni dayoksaidi. Mrija huo huchoka kwa kazi, na hata ukikaa stoo gesi yake hupungua nguvu taratibu. Sasa mashine tano zikikosa wateja mwaka mzima, mtauza nini? Tena unataka maji ya kuupoza muda wote. Muuzaji anakupa pampu na kusema tumbukiza kwenye ndoo. Kwa joto la Dar, ndoo hiyo itakuwa chai kabla ya adhuhuri. Inabidi mnunue mashine ya kupoza maji, na hiyo kwenye bei ya jumla haimo.

Pili, moshi. Mbao, ngozi, kitambaa na akriliki hukatwa vizuri. Lakini plastiki ya PVC, ile ya mabomba, msiiguse! Ikiungua hutoa gesi yenye asidi inayokula chuma cha mashine na mapafu ya fundi. Mteja ataleta tu, na kijana asiyefundishwa hatakataa hela.

Tatu, macho, na hapa ndipo roho yangu inapouma. Leza ya kaboni dayoksaidi huunguza sehemu ya mbele ya jicho. Ile ya faiba, ya kuchora kwenye chuma, mwanga wake hauonekani kabisa, na hupenya mpaka nyuma ya jicho ambako hakuna maumivu ya kukuonya. Utajua umeumia ukishaona doa lisiloondoka. Miwani yake si miwani ya jua. Lazima iwe imeandikwa namba ya mwanga husika: 10600 kwa ya kwanza, 1064 kwa ya pili, na moja haifanyi kazi ya nyingine. Huku Sweden hata kalamu ya leza yenye nguvu huwezi kumiliki bila kibali cha serikali. Sisi tunataka kuweka mashine kwenye fremu ya duka, watoto wakipita mlangoni?

Bei ya jumla inamfaa mwenye soko, fundi na vipuri. Sisi hatuna hata kimoja. Ushauri wangu: tuagize moja, yenye mfuniko unaozima leza ukifunguliwa. Kijana mmoja akajifunze kwanza kwa fundi anayeifanya kazi hiyo mjini, kwa mshahara tutakaomlipa sisi. Baada ya miezi sita tuangalie daftari: mihuri mingapi, mrija umechokaje, faida iko wapi. Ikilipa, tutaongeza.

Mimi nitachangia nusu ya hiyo moja, na miwani nitanunua mwenyewe. Mama mdogo, shikamoo. Hela yako ya upatu iache ilale benki kwanza. Anayepinga aseme, ila aje na hesabu mkononi.