Kompyuta ya Tawi Isitupeleke Polisi

Makamanda, tuongee kuhusu ile kompyuta ya ofisi ya tawi. Ndiyo, ile yenye Windows ya kukraki mliyowekewa na jamaa wa steshenari kwa buku kumi, na humo humo ndani kuna orodha nzima ya wanachama: majina, namba za simu, namba za kadi.

Mimi nasoma sheria, naanza na ya kwangu. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inalinda programu za kompyuta kama inavyolinda vitabu na muziki. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde. Sasa chama ambacho kila siku kinatafutiwa sababu kinakaa na makosa mawili juu ya meza moja! Na huyo aliyetengeneza kraki hatumjui. Mara nyingi anakwambia uzime kwanza kinga ya virusi ndipo programu yake ifanye kazi. Yaani mtu anakuomba umfukuze mlinzi ili akusaidie kufunga mlango.

Wenye leseni halali nao hawajapona. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida kwa Windows 10, na Windows 11 inadai TPM 2.0, kitu ambacho mashine nyingi za mtumba hazina. Tununue mpya? Kwa hela ipi?

Mashine hizo hizo zinafufuka kwa Linux Mint. Toleo la Xfce linatembea vizuri kwenye RAM ya GB 4, halilipiwi, na leseni ya kiini chake, GPL toleo la 2, inampa kila mtu haki ya kuitumia, kuikagua, kuirekebisha na kuigawa. Sharti kubwa ni kwamba ukimgawia mwenzako, naye apate haki zilezile. Nimeisoma yote, kurasa chache tu. (Laiti na katiba nyingine zingesomeka hivyo.)

Ila nina ugomvi na makamanda wa Linux pia. Mnakuja na flashi, mnaweka mfumo kwa saa moja, mnapiga picha ya stetasi, mnapotea. Miezi minane baadaye ile ngao ndogo kwenye kona ya skrini inalia masasisho na hakuna anayejua ni ya nini, katibu kasahau nywila, basi anarudi kwa jamaa wa steshenari. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitupa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Muulize mwenzako wa chuo kama amewahi hata kuisikia.

Kazi yenyewe wala si ngumu. Siku ya kuweka, chagua kusimba diski nzima, maana kurudi nyuma baadaye ni kuanza upya. Mashine ikiibiwa au ikibebwa, orodha haisomeki bila nywila. Kila wiki, bofya ile ngao, masasisho yashuke. Timeshift itunze nakala za mfumo, lakini msidanganyike: kwa kawaida haigusi mafaili yenu. Orodha ya wanachama inakiliwe kwenye diski ya nje, nayo isimbwe, ikae mbali na ofisi. Barua za Word zitafunguka kwenye LibreOffice, japo mpangilio huweza kuyumba, kwa hiyo barua ya mwisho itoke kama PDF.

Wanaosema wazee wa tawi hawataweza, mbona wazee hao hao ndio wanaongoza kutuma video WhatsApp saa kumi na moja alfajiri?

Ninachoomba kwa viongozi wetu wa vijana ni hiki. Kabla ya zoezi lijalo la kuandikisha wanachama, kila tawi litaje watunzaji wawili, si mmoja, maana mmoja akipata ajira mkoani tumekwisha. Na bando la masasisho liingie kwenye bajeti ya tawi, mstari uleule wa chai ya kikao.