Ziara ya Mbudya na Kabati la Makombe

Katika vyuo vyetu vya ualimu ziara ya mafunzo huhesabiwa kuwa pambo la muhula. Hufanyika mada ikiisha, kama zawadi kwa wanachuo waliovumilia. Nami nilikuwa na mawazo hayo hayo hadi nilipowapeleka wanachuo wa mwaka wa pili kisiwani Mbudya.

Kisiwa hicho kiko mbele ya Kunduchi. Kutoka Boko si mbali, lakini kwa asiye na nauli ya mashua ni kama kipo Komoro. Hata wanachuo waliokulia Bunju na Tegeta walikuwa hawajakikanyaga. Pamoja na Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini, kilitangazwa kuwa eneo tengefu mwaka 1975, na leo kinalindwa kwa Sheria Na. 29 ya mwaka 1994.

Niliandaa karatasi ya maswali arobaini. Hilo lilikuwa kosa la kwanza. Tulipoanza kutembea juu ya miamba iliyochongoka, kati ya mibuyu na vichaka, kila mwanachuo aliinamia karatasi yake wala hakuitazama ardhi. Mmoja alijikwaa akachanika goti, nami sikuchukua sanduku la huduma ya kwanza: kosa la pili. Nikaamuru karatasi zikunjwe, nikauliza swali moja tu: mwamba huu tunaoukanyaga umetoka wapi?

Walinyamaza kitambo. Kisha mmoja akaona ndani ya jiwe, juu ya mahali maji yanapofika hata wakati wa bamvua, umbo la tumbawe na vitundu vyake. Mabishano yakazuka. Je, nchi imeinuka au bahari imeshuka? Mwingine akakumbuka mawe ya chokaa ya kilima cha Wazo, yanayosagwa kuwa simenti, ambayo huyaona kila siku. Kwa saa ile moja walijifunza jiografia kuliko nilivyowafundisha ubaoni kwa majuma matatu. Kwa hiyo nashauri ziara itangulie mada. Wapo watakaosema kwamba mtihani hausubiri. Ni kweli, lakini mwalimu asiyewahi kushangaa mbele ya jiwe atawafundishaje watoto kuuliza?

Lililonisumbua zaidi lilitokea wakati wa kuondoka. Wanachuo walikuwa wameokota makombe na vipande vya matumbawe vya kutengenezea zana za kufundishia, kama tunavyowafunza siku zote: mwalimu hodari hutumia vitu vya mazingira yake. Nikawaambia wavirudishe, maana katika eneo tengefu hairuhusiwi kuvichukua. Walitii. Ndipo msichana mmoja akaniuliza kwa adabu: "Mkufunzi, na yale ya kwenye kabati letu la sayansi yalitoka wapi?"

Sikuwa na jibu. Tangu siku hiyo nimewaagiza wanachuo walichore kombe kwa penseli pale pale ufukweni, kisha waliache. Michoro ya kwanza ilikuwa mibaya sana. Kabati bado limejaa, na sijapata ujasiri wa kulifungua mbele ya darasa.