Taa ya tairi isile faida ya mkulima

Mvua za Oktoba zinapoanza Kalinzi, wenye pikapu za kubeba ndizi na maharage huvua tairi za kiangazi na kufunga zenye meno marefu. Barabara ya Mwandiga hadi Manyovu ina lami, lakini njia za kuteremka mashambani ni utelezi mtupu.

Kazi hiyo sasa ina gharama mpya. Baadhi ya magari ya mtumba yana kifaa kidogo ndani ya kila gurudumu, kwenye valvu, kinachopima upepo na kuwasha taa mbele ya dereva unapopungua. Marekani ililazimisha magari madogo yote mapya kuwa na mfumo wa kuonya upepo unapopungua kuanzia ya mwaka 2008, na Ulaya ikafuata mwaka 2014.

Adha yake nimeionja. Fundi mmoja mjini alibandua tairi yangu kwa nyundo na chuma, akakivunja. Taa ikawaka. Nikaambiwa ninunue kingine, kisha nitafute mwenye kompyuta ya kukitambulisha kwa gari. Hata kisipovunjwa, betri yake hufa baada ya miaka kama 5 hadi 10, na kwa kawaida hununuliwa kifaa kipya. Zidisha kwa manne, au kwa manane ukiwa na seti mbili za rimu. Gharama hiyo huishia kwenye nauli ya mkungu wa ndizi, na anayelipa ni mkulima.

Wengi huamua kuiacha taa iwake tu. Hapo ndipo penye hatari: taa iliyozoeleka haionyi tena, na siku upepo unapopungua kweli hakuna atakayejua.

Nionavyo mimi, tusikidharau kifaa hiki, ila tusikitegemee. Kwa kanuni za Marekani, taa huwaka upepo ukishashuka kwa robo: tairi ya paundi 32 imebaki na 24. Kabla ya hapo umeshachoma mafuta ya ziada na kuichosha tairi kwa mzigo. Kipimo cha mkononi huonyesha upungufu wa paundi 2 tu, na kimoja kinatosha magari mengi.

Kwa hiyo, kabla ya kununua gari uliza kama lina vifaa hivyo. Kama linavyo, mwambie fundi mapema, aanze kubandua mbali na valvu. Pima upepo asubuhi, tairi zikiwa baridi, ukifuata kibandiko cha mlango wa dereva, na ukumbuke kiwango cha gari lenye mzigo. Kisha andika. Mali bila daftari hupotea bila habari.