Kujihami Katika Mashamba ya Chai

Mafunzo ya kujihami hupimwa kwa hatari iliyopo, wala si kwa urefu wa teke. Katika mashamba makubwa ya chai ya Kericho na Bomet, nchini Kenya, hatari hiyo imekwisha kutajwa hadharani. Februari 2023 shirika la BBC lilitangaza habari za wanawake zaidi ya 70 waliosema wamedhulumiwa kingono na wasimamizi wao. Mtu wa namna hiyo havizii gizani. Ndiye agawaye kazi, na kesho aweza kumwachisha mchumaji.

Karate, judo na taekwondo zina heshima yake. Kano Jigoro alianzisha judo mwaka 1882, na michezo hii hujenga pumzi, wepesi na subira. Aliyeishikilia miaka mingi haangushwi kwa urahisi. Ila hudai wakati, ada na mwalimu, na mama alipwaye kwa kilo, aliyebeba kikapu tangu alfajiri, avitoe wapi? Tena mpinzani wa ukumbini huinama kusalimu kwanza, adabu ambayo mnyanyasaji hana. Hata mafunzo ya kale ya Wakipsigis, wenyeji wa huko, ya mkuki, ngao na rungu, yaliwaandaa vijana wa kiume kupigana pamoja na wenzao wa rika. Mwanamke aliye peke yake kati ya michai hayakumlenga.

Mafunzo ya vitendo huanza mapema zaidi: kutambua hila ya kuitwa faraghani, kukataa kwa sauti kavu, kupiga ukelele, na ikishindikana, kulenga macho, koo au kinena kisha kukimbia. Wasichana wa sekondari katika mitaa ya mabanda ya Nairobi walifundishwa hayo kwa saa 12 katika majuma sita, na marudio mafupi baadaye. Utafiti uliochapishwa 2013 ulionyesha kuwa waliodhulumiwa kingono kwa mwaka walipungua kutoka asilimia 24.6 hadi 9.2.

Yafaa basi vyama vya wafanyakazi, makanisa na shule za mashamba ya chai vianze na haya, karate ibaki kwa mwenye hamu. Mwajiri naye asijifiche nyuma ya mafunzo: Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 humtia hatiani mwenye mamlaka anayeng'ang'ania kumtaka mtu asiyemtaka. Mkufunzi aeleze pia mpaka wa kujitetea. Nguvu ilingane na hatari, na kipigo kinachoendelea baada ya mshambulizi kulala chini huweza kuwa kosa la aliyepiga.