Programu za Shule Zisifungwe kwa Mfumo Mmoja

Tarehe 14 Oktoba, 2025, kampuni ya Microsoft ilikoma kuihudumia Windows 10 kwa utaratibu wake wa kawaida. Windows 11, iliyochukua nafasi yake, huzikataa kompyuta nyingi za zamani hata kama bado ni nzima. Shule ya Kikatiti, au nyingine yoyote kandokando ya barabara ya Arusha hadi Moshi, ikiwa na kompyuta za namna hiyo, ina njia mbili: kununua mpya, au kuhamia Linux, mfumo usiotozwa ada. Wauzaji, bila shaka, wanaipenda njia ya kwanza.

Kuweka Linux ni kazi ya saa chache. Matata yako kwenye programu. Programu iliyoandikwa kwa ajili ya Windows haijitoshelezi: kila inapofungua dirisha, inapohifadhi faili au kupeleka kazi kwenye printa, huiomba Windows iitekelezee, tena kwa lugha ambayo Linux haiielewi. Hata majina ya faili huleta utata. Kwa kawaida Windows huhesabu "Alama" na "alama" kuwa jina moja. Linux huyahesabu mawili. Mwalimu wa taaluma anayetunza matokeo ya wanafunzi katika programu ya Access aliyotengenezewa na fundi atatambua, siku ya kuhama, kwamba Access haina toleo la Linux, na fomu zote alizozoea hazifunguki.

Ipo programu iitwayo Wine, iliyoanzishwa mwaka 1993, ambayo huyapokea maombi hayo na kuyatafsiri. Inasaidia sana, lakini mkalimani naye huteleza, na matokeo ya mtihani si mahali pa kumjaribia. Njia ya kudumu ni kuiandika programu upya. Hapo ndipo huulizwa: maandishi yake ya asili anayo nani? Mara nyingi fundi ameondoka nayo.

Wataalamu wa kazi kama hii hawakosekani nchini. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, ulioshirikisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili, iliyotokana na OpenOffice ambayo tangu awali ilifanya kazi katika Windows na Linux pia.

Kwa hiyo wakuu wa shule na maofisa wa halmashauri wanaoagiza programu hawana budi kudai mambo mawili kabla ya kulipa: maandishi ya asili yakabidhiwe kwa mnunuzi, na kumbukumbu ziweze kutolewa katika faili zinazosomeka kwenye mfumo wowote. Mkataba usio na masharti hayo usitiwe sahihi.